Hodi kwa Gunia

Nyumba yetu pale Ediofe haikuwa na mlango.
Gunia tu la kahawa, misumari mitatu,
na mvua ya Agosti ikiingia bila kuuliza,
na mbwa wa jirani, na mikono ya watu
waliokuja kutupa pole
wakaondoka na sufuria.

Yeye alisema hodi.
Alisimama nje, viatu vimelemewa na udongo mwekundu,
faili kalikumbatia kama mtoto mwenye homa,
akaliambia gunia: Hodi.
Akanyamaza.
Akaliambia tena.
Ndani tulitazamana. Mimi miaka kumi na mmoja,
Letaru minane, Onzima kang'oka meno ya mbele.
Nani kati yetu ndiye mwenye nyumba?
Mara ya tatu Letaru akajibu, Karibu,
kwa sauti ya mama,
ambayo hatukujua kama aliachiwa.

Hakuuliza mama alikufa na nini.
Hilo kijiji kizima kilikuwa kimeshauliza.
Aliangalia sahani.
"Mbili," akasema, "na nyie watatu."
Akaandika.
Nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyekula mwisho,
kwenye kifuniko,
siku ambazo chakula kilifika kwenye kifuniko.

Baba mdogo akaitisha kikao. Alikuwa amejipanga:
Onzima kwa shangazi, Koboko;
Letaru kwa mtu mmoja wa Yumbe anayetafuta msaidizi wa nyumbani;
mimi kwenye tumbaku;
na shamba, kwa kuwa shamba halili wala halilii,
shamba angelitunza mwenyewe.
Wazee wakaguna kukubali. Mwenyekiti akapapasa muhuri.

Driciru, ndilo jina lake, afisa wa ustawi,
mshahara wa kuchelewa, pikipiki ya wilaya isiyo na mafuta,
hakupiga meza.
Aliuliza: Letaru atalala chumba gani?
Baba mdogo akacheka.
Aliuliza: Na huyo mtu wa Yumbe anaitwa nani?
Ikaanza hotuba ndefu juu ya ukoo.
Alingoja iishe, akauliza tena,
kwa upole uleule, kama atwangaye mtama
asiyeudai mtama kitu:
chumba gani?
jina nani?
Kivuli kikahama kutoka benchi hadi benchi.
Jina halikupatikana.
Muhuri ukarudi mfukoni.

Alikuja mara kumi na nne. Nyingine kwa miguu
kutoka ng'ambo ya Enyau.
Mara ya sita hakuleta fomu wala sabuni,
alikaa akachambua majani ya kunde na Letaru,
wakazungumza habari za nywele.
Tulimkasirikia pia, nisiseme uongo:
alinichongea kwa mwalimu niliposhinda soko la Oli,
na blanketi aliloahidi
lilifika baridi imeshakwenda zake.

Juzi niliitwa kuchomelea dirisha la ofisi yake.
Nikamkuta na ripoti ya mwaka, anatafuna kalamu
mbele ya safu iliyoandikwa Mafanikio.
Kisanduku kidogo, hakitoshi hata jina langu.
Aandike nini?
Kwamba Letaru hakwenda Yumbe?
Safari isiyosafiriwa ina kilomita ngapi?
Kuna barabara hapa Arua zimejaa watu
wanaokwenda kazini, wanaogombania bei ya nyanya,
wanaokemea watoto wao,
na hakuna anayejua ni wangapi kati yao
walikaribia kutokuwepo.
Nani atagonga muhuri
juu ya jambo ambalo halikutokea?

Akaandika namba. Akaifuta. Akaniuliza
kama dirisha litamaliza wiki.
Nikamwambia litatuzika sote.

Mimi natengeneza milango sasa, ya chuma,
bei maelewano.
Wa kwanza niliupeleka nyumbani.
Nilipomaliza kuupachika, nilitoka nje,
nikaufunga, nikasimama kwenye udongo ule,
nikabisha hodi.

Letaru alikuwa ndani.
Akaniacha nisubiri.